Mkanda wa milimita 19

Mwezi wa kwanza mwaka huu Baba alivua saa yake, akanishika mkono, akaiweka kiganjani mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake. "Chukua, mwanangu. Mimi sasa naibeba tu, siisomi." Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, na tulipokuja kushtuka la kulia nalo lilikuwa limeshaliwa. Anaona mwanga wa mlangoni, anaona kivuli cha mtu akipita. Mishale ya saa haioni tena.

Nilitaka kuivaa siku ileile. Nikaifunga, nikashusha mkono, ikateleza mpaka kwenye vidole. Baba ana mkono wa mtu aliyefanya kazi reli. Mimi nimejipima kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita 15 kamili. Basi nikaanza kutafuta mkanda, na nimetafuta kwa miezi minne. Nimekosea mara nyingi, na naandika ili mwenye saa ya mzazi wake kabatini asirudie makosa yangu. Naandika pia kwa sababu aliyekuja kunifundisha kuchagua mkanda ni yeye Baba, ambaye haoni.

Saa yenyewe ni Seiko 5 ya chuma, ya duara, kioo chake kina mkwaruzo mmoja mrefu unaopita juu ya nane. Haina betri wala haitiwi ufunguo. Mtikisiko wa mkono ndio unaoijaza. Ba'mkubwa alikuja nayo kutoka Muscat, akampa mdogo wake wakati Baba anahamia stesheni ya Korogwe kuwa stesheni masta. Kwenye mfuniko wa nyuma kuna 7009, ambayo ni aina ya mashine, na kuna namba ya kiwanda inayoanza na 8 kisha 3. Kwa Seiko za wakati ule tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo ni Machi 1978 au Machi 1988. Baba anasema alipewa ikiwa na karatasi yake kiooni, mwaka uleule aliokwenda Korogwe, basi ni 1988.

Kwenye kidirisha cha siku saa hii ina lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, kama zilivyokuwa nyingi zilizouzwa Ghuba. Baba aliiweka kwenye Kiarabu na hakuibadilisha, maana maandishi ya kwanza aliyojifunza maishani ni ya chuo cha Kurani. Nikiwa na miaka tisa nilikaa mapajani mwake siku ya Jumatano nikamuuliza pale pameandikwa nini. Akanisomea: al-arbi'aa, ya nne. Nikamwambia saa imekosea, leo ni Juma-tano. Ndipo aliponieleza kwamba sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi na Waarabu wanahesabu kuanzia Jumapili, wao wako nyuma yetu kwa siku moja, halafu kesho yake sote tunakutana kwenye Alhamisi, ambayo nayo ni ya tano. Ndiyo maana Kiswahili kina siku mbili za tano zinazofuatana. Kila nikiitazama saa hii siku ya Jumatano huwa narudi pale mapajani.

Lakini ninachokikumbuka kuliko sura yake ni sauti. Alfajiri, maji ya udhu yakishamwagika uani, ilifuata *ta!* moja kavu: bizimu ya cheni inajifunga mkononi mwa Baba. Sisi watoto tukiisikia tulijua hakuna tena kujifanya tumelala.

Kila niliyemwambia habari hii alinijibu kwamba cheni inapunguzwa. Ni kweli. Ukigeuza cheni ya saa utaona vishale vidogo upande wa ndani wa pingili, vinakuonyesha pini isukumwe kuelekea wapi. Unatoa pingili kwa usawa, mbili huku na mbili kule, ili bizimu ibaki katikati chini ya mkono. Mimi nilihitaji kutoa nne. Nikaenda kwa fundi saa mzee anayeweka meza yake karibu na Soko la Ngamiani, hapa Tanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Lete tuone."

Aliishika cheni kwa ncha moja, akailaza kwa ubavu hewani. Cheni nzima ukiishika hivyo hukaa imenyooka kama rula. Ya Baba iliinama mpaka ncha ya pili ikaelekea chini. Pingili zake hazikuchongwa kwenye chuma kizima, ni bati lililokunjwa, na zaidi ya miaka 30 ya jasho na vumbi la reli yamekula matundu ya pini. "Nikizigusa hizi, nyingine hazitarudi," alisema. "Iweke kama ilivyo. Tafuta mkanda."

Nikaifunga kwenye leso, nikaiweka katika kopo la biskuti alimowekaga Mama vifungo. Baba hakupendezwa. "Saa ya chuma huvaa chuma," alisema, na kwa siku mbili hakuniuliza tena habari za saa.

Nafundisha Fizikia sekondari. Wanafunzi walipotoka maabara nilichukua venia kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, nikapima nafasi iliyo kati ya masikio ya saa, yale yanayochomoza juu na chini kushika mkanda. Hupimwa upande wa ndani, ukuta kwa ukuta, na wala hupimi upana wa mkanda wa zamani, kwa sababu mkanda uliovaliwa huwa umeshasinyaa au umetanuka. Nilipima mara tatu nikatafuta wastani, kama ninavyowalazimisha kidato cha kwanza kufanya. Milimita 19. Asiye na kalipa akate kipande cha karatasi ngumu, aendelee kukipunguza kidogo kidogo mpaka kiingie kati ya masikio bila kukunjika wala kucheza, ndipo akipime kwa rula mezani. Ni rahisi zaidi kuliko kuchungulia rula juu ya saa.

Mikanda mingi mitaani ni ya 18, 20 na 22. Saa za zamani ndizo zinazoweza kukutolea 19, na muuzaji akikosa ya kwako atakuambia, "Inaingia hii, dada, milimita moja si kitu."

Milimita moja ni kitu. Nilinunua mkanda wa 18 pamoja na pini zake. Uliingia, ila kila upande palibaki uwazi mdogo na pini ikawa inaonekana. Nikaona ni suala la sura tu, nikavaa. Siku ya tatu natoka shule kwa baiskeli, kama wafanyavyo nusu ya watu wa Tanga, nikapita tuta, nikaendelea na safari. Karibu na nyumbani nikageuza mkono kutazama saa, nikakuta ngozi tupu. Nilirudi nikisukuma baiskeli, macho chini, hatua kwa hatua, na sijui nilikuwa nasoma dua gani. Niliikuta kwenye mchanga pembeni mwa lami, imeangukia mgongo, mshale wa sekunde unakwenda. Upande mmoja wa mkanda ulikuwa umeishikilia bado. Upande wa pili pini ilikuwa imeruka, na sijaiona mpaka leo.

Usiku ule sikumwambia Baba. Nilimwambia baada ya wiki, na alichosema ni, "Kosa la pini hilo, si la mkanda." Alikuwa sahihi, na ningependa kila mtu aanzie hapo kabla hajatazama rangi yoyote. Pini ya saa ni kijibomba chembamba chenye springi ndani na ncha mbili zinazochomoza. Ncha hizo huingia kwenye vitundu vidogo ndani ya masikio. Pini ya 18 ukiiweka kwenye nafasi ya 19 hujitanua hadi mwisho wa springi yake, na ncha hugusa kitundu kwa ukingo tu. Ukiwa umekaa ofisini itashika mwaka mzima. Likija tuta la kwanza, inaachia. Fundi saa aliniuzia jozi ya pini za 19, nene kidogo kuliko zile zinazokuja na mkanda, kwa shilingi 2,000. Akanionyesha namna ya kuhakikisha: ukishasikia pini imeingia, isukume mkanda kushoto na kulia, kisha uvute kwa nguvu ya kweli, na uvute ukiwa umeketi kitandani. Pini iliyopinda au iliyoota kutu haistahili kurudishwa kwenye mkanda mpya, hata kama inaonekana bado inaruka vizuri.

Baada ya hapo nilivaa silikoni ya 20 niliyoikata pembeni kwa wembe. Sitaki kuisema sana. Tulikuwa Februari, kaskazi imekolea, na chini yake mkono ulichemka mpaka ukatoa vipele. Vumbi la chaki liliganda juu yake kama unga kwenye chapati. Kwa mtu anayeogelea Raskazone kila jioni naelewa thamani yake. Mimi si huyo.

Halafu nikafanya kosa la fedha. Mtu wangu wa Dar aliniagizia mkanda wa 19, kahawia, umepigwa muhuri wa ngozi halisi, shilingi 18,000. Ulikuwa mzuri sana machoni. Mshono mweupe, pembe zimenyooka, unang'aa. Nikampelekea Baba barazani, kwa furaha, nikamwekea mkononi.

Aliupitisha kidole gumba mara moja. Akaukunja. Akaunusa.

"Hii si ngozi, mwanangu. Hiki ni kitambaa cha meza."

Nilimbishia. Muhuri upo, nimeuona. Akanijibu kwamba yeye hauoni muhuri, anachokijua ni kwamba ngozi haiwi baridi vile ikishikwa na haina harufu ya ndoo mpya. Wiki sita baadaye, kwenye tundu ninalofungia, uso wa juu ulianza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Chini yake palikuwa na wavu wa kitambaa.

Nikaenda kusoma, nikajua cha kutazama. Ngozi ya kweli ukiitazama kwenye ukingo uliokatwa ina nyuzinyuzi zilizosokotana kutoka juu hadi chini. Ya bandia ina tabaka mbili zilizo wazi, utando juu na kitambaa chini, na ndiyo maana watengenezaji hupenda kuuficha ukingo kwa rangi nene. Kuna pia ngozi ya makombo: mabaki yaliyosagwa, yakagandishwa kwa gundi, yakapigwa alama za vinyweleo juu. Hiyo ina ngozi ndani yake kwa jina, lakini hukatika kwenye mkunjo. Weka tone moja la maji upande wa chini usiopakwa kitu. Ngozi hulinywa taratibu na kuwa nyeusi mahali pale, plastiki huliacha limesimama. Ukipata kipande kilichobaki, kichome kwa kiberiti. Ngozi hunuka nywele zilizoungua. Plastiki huyeyuka na kujikunja.

Baba hakusoma lolote kati ya hayo. Alijua kwa gumba. Na mimi, mwenye macho mawili mazima, nilikuwa nimeuchagua mkanda kwa kitu ambacho mkono hauna. Tangu siku ile kila mkanda nilioufikiria ulipita kwanza mikononi mwake.

Yeye ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: "Na udhu je?" Maji lazima yafike kwenye ngozi ya mkono, kwa hiyo saa inavuliwa au inapandishwa. Ukichukua udhu kwa kila sala, mkanda unafunguliwa na kufungwa mara tano kwa siku, mara 1,825 kwa mwaka, na mara zote hizo unakunjwa palepale kwenye tundu lilelile, tena mara nyingi na vidole vyenye maji. Mkanda wa ngozi haufi kwa uzee. Hufa kwenye tundu la tatu. Cheni ya Baba haikuwa na tatizo hilo, ilikuwa inafunguka, inapita juu ya kiganja, inarudi, *ta*. Nikaelewa kwamba aliposema saa ya chuma huvaa chuma hakuwa anasema habari ya sura.

Kwa kazi za kila siku nilipata jibu zuri katika nailoni. Ule mkanda mrefu mmoja unaopita chini ya saa, ambao watu huuita NATO, asili yake ni jeshi la Uingereza. Mwaka 1973 Wizara yao ya Ulinzi ilitoa vipimo vyake: nailoni ya kijivu, upana wa milimita 20, na askari aliupata kwa kujaza fomu ya G1098, kwa kifupi G10. Ubora wake ni kwamba unapita chini ya pini zote mbili kwa kipande kimoja, kwa hiyo pini moja ikiruka saa inabaki inaning'inia kwenye ya pili. Mtu aliyewahi kutembea akitafuta saa mchangani anaujua uzito wa sentensi hiyo. Wa 20 unaingia kwenye 19 bila kudhurika, kwa sababu nailoni hubanika kidogo ambapo ngozi hujikunja.

Ila ulivyo, haukunifaa. Una tabaka la pili chini ya saa, ambalo kwenye mkono mwembamba linaiinua saa juu mpaka inanasa mkono wa baibui. Una mkia mrefu wa kurudishwa kwenye vipete, na kuurudisha ukiwa bombani na foleni nyuma yako ni taabu. Nikakata lile tabaka la pili, nikafupisha mkia, nikaunguza ncha kwa kisu kilichopashwa moto ili nyuzi zisifumuke. Kilichobaki ni utepe mmoja unaopita chini ya pini zote mbili na kufungwa kwa bizimu ya kawaida. Jioni nausugua kwa sabuni ya mche, naanika dirishani, alfajiri umekauka. Nikiwa naenda kuchukua udhu shuleni naufunga kwenye mpini wa mkoba, sijawahi kusahau saa bombani.

Baba aliupapasa. "Hii kamba ni ya kazi. Ivae shuleni." Kisha akaitikisa saa sikioni mwake. "Lakini imekuwa bubu."

Ningeweza kuishia pale. Lakini nilitaka saa hii iwe na mkanda wa kukaa nao, siku ya Ijumaa, harusini, na jioni zile ninazokaa naye barazani. Na nilitaka ngozi.

Jirani yetu wa mtaa wa pili anashona makubadhi. Nilipita kwake kwa miaka yote bila kufikiri kwamba mtu anayetengeneza kanda za kubeba mguu wa mtu mzima kwenye joto la Tanga anajua zaidi kuhusu ngozi na jasho kuliko tovuti zote nilizosoma. Nilimwonyesha saa, akaigeuza, akaiona nafasi ya mkanda.

"Kanda ya kubadhi hii, mwalimu, ila ya mtoto. Nitakufanyia."

Alinipa vipande vitatu vya ngozi ya ng'ombe nikachague nyumbani. Sikuvitazama sana. Nilimpa Baba. Alivichukua kimoja kimoja, akavikunja karibu na sikio, akavipapasa upande wa nyama, akavinusa. Ilichukua muda mrefu, chai yangu ilipoa. Cha kwanza alikirudisha haraka: kilikuwa laini mno, kinavutika kama mpira. Cha tatu kilikuwa kigumu, kilipokunjwa kilitoa mlio mdogo wa kupasuka, na Baba akasema hicho mwakani kitakuwa vipande viwili. Alibaki na cha katikati.

"Hiki kinarudi," alisema. Alimaanisha kwamba ukikikunja na kukiachia, kinajinyoosha chenyewe bila kuacha mstari.

Nilipomweleza fundi alicheka kwa raha, akasema mzee hajakosea. Cha kwanza kilidabaghiwa, yaani kilitengenezwa kisioze, kwa kromu, njia ambayo ngozi nyingi duniani hupitia siku hizi kwa sababu ni ya haraka. Hutoa ngozi laini, nzuri kwa mifuko, lakini mkanda mwembamba wa saa huvutika nayo na matundu huwa marefu. Kile cha katikati kilidabaghiwa kwa magome. Hii ni kazi ambayo nchi yetu inaijua: magome ya mikoko ya pwani yalikuwa yakisafirishwa nje kwa ajili ya tanini yake, na kule Njombe ilipandwa misitu mizima ya miwati kwa sababu ya gome lake tu. Tanini ndiyo hiyohiyo inayokupa ukakasi ulimini ukinywa chai ya rangi iliyokolea, na ngozi iliyodabaghiwa hivyo ina harufu inayokaribiana na majani makavu ya chai. Kumbe ndicho Baba alichokuwa anakinusa.

Vipimo nilimwandikia kwenye karatasi ya mraba. Upana 19 kwenye masikio, ukipungua taratibu hadi 16 mwishoni, maana mkanda usiopungua kwenye mkono mdogo unaonekana kama bandeji. Unene milimita 2 karibu na saa, ukichunwa hadi 1.5 unapokwenda. Upande mfupi milimita 68, mrefu 105. Mikanda ya dukani kwa kawaida ni 75 kwa 115 au zaidi kidogo, na ndiyo maana mwenye mkono wa sentimita 15 huishia kwenye tundu la mwisho huku mkia ukizunguka nusu ya mkono. Chini aliweka ngozi nyembamba ya mbuzi, laini, isiyopakwa rangi.

Alishona kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, kila sindano ikipita tundu lilelile kutoka upande wake. Mshono wa mashine una nyuzi mbili zinazoshikana katikati; wa juu ukikatika mahali pamoja, mstari unaweza kufumuka. Wa sindano mbili ukikatika, uzi wa upande wa pili unabaki umeshika. Alinieleza hayo akiendelea kushona, bila kuinua uso, msharasi ukiwa katikati ya meno. Kingo alizisugua kwa nta ya nyuki na kipande cha kaniki mpaka zikawa ngumu na laini kama kokwa la tende. Ujira wake shilingi 15,000. Nilimwongeza.

Ikabaki habari ya udhu na tundu la tatu. Hapo nilirudi kwa fundi saa, nikamweleza, akavuta boksi lake la mabizimu ya saa zilizokufa, akachakura kwa kibano, akatoa bizimu ya kukunja ya milimita 16, ya chuma, iliyotumika lakini nzima. Hii hufungwa mara moja tu kwenye tundu linalokufaa, na baada ya hapo ngozi haikunjwi tena. Unachofungua na kufunga ni chuma. Ikifunguka haiachani pande mbili, inatanuka tu na kuwa pete kubwa, mkono unapita, kwa hiyo hata vidole vikiteleza saa haianguki. Aliitaka shilingi 10,000. Ina unene wake chini ya mkono, nikiandika mezani naisikia, na kwa anayesahihisha madaftari siku nzima huenda ikamkera. Kwangu ni ya Ijumaa na jioni.

Sitawadanganya kwamba ngozi itaishi milele Tanga. Ina wiki saba sasa na upande wa mbuzi umeshaanza kuwa mweusi kwa jasho. Nikivua naiacha kivulini ipumue, siiweki juani kwa sababu jua huikausha ikapasuka, na siivai siku mbili mfululizo. Ikinipa miaka miwili nitashukuru, na fundi bado ana kipande kilichobaki cha ngozi ileile. Nimemwomba aniwekee.

Siku niliyoileta nyumbani, Baba aliishika kwa muda. Alipitisha gumba kwenye mshono akihesabu, akapapasa kingo, akaupinda mkanda na kuuachia. Mwisho kabisa ndipo akauliza, "Rangi gani?"

"Kama tende, Baba."

"Mbivu au kavu?"

"Kavu."

Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia.

Jioni ile niliingia uani kuchukua udhu wa magharibi. Nikajifuta kwa kanga, nikapitisha mkono kwenye mkanda, nikabana. *Ta!*

Barazani Baba alinyamaza katikati ya maneno aliyokuwa akizungumza na jirani. Kisha akaniita kwa jina.

"Imesema ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu, Baba."

"Na siku?"

Nikaielekeza saa kwenye mwanga wa taa ya jikoni, nikachungulia kidirishani. "Al-arbi'aa."

"Jumatano," akasema, akaanza kupapasa fimbo yake ilipo.